Maua ya porini katika vyungu vidogo

Swali: Mimi ni mama mfinyanzi wa Luena. Nikitia maua ya porini katika vyungu vyangu vidogo, meza inalowa na maua yananyauka upesi. Nifanyeje?

Jibu: Mama, udongo uliochomwa kwa kuni una vitundu vidogo sana, ndiyo maana maji yanapenya. Ingiza ndani kichupa cha dawa kilichooshwa, maji yakae humo. Chuma maua alfajiri, kata mashina mshazari, ondoa majani yatakayozama, na badilisha maji kila siku. Wakati wa kiangazi tumia maganda makavu ya mbegu za miti ya miombo. Yakipasuka hujikunja vizuri, wala hayahitaji maji. Lakini ukitumia pia mturituri, mbegu zake, nyekundu zenye doa jeusi, ziweke mbali na watoto: zikitafunwa zinaweza kuua. Chungu kidogo kinapendeza kwa mashina matatu tu, usikijaze.