Neno Haliingii, na Mama Mkwe Anaomba Asomewe

*Shangazi, nimeokoka tangu nikiwa sekondari, lakini siku hizi Neno haliingii. Kila Januari naanza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, nikifika Walawi nakwama. Kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama kila mtu huweka alama akimaliza sura za siku. Mimi huweka hata nisiposoma. Kelele za nyumbani nazo zimezidi: watoto, TV, na mama mkwe ambaye macho yamepungua nguvu na kila jioni anaomba asomewe. Nimempakulia Biblia ya kusikiliza kwenye simu ili nipate utulivu. Nifanyeje nilipende Neno? — Mwenye Kiu, Morogoro*

Mwanangu, ukiweza, amka alfajiri, zima data, na uanze na Marko yenye sura 16 kabla ya kurudi kwenye Walawi yenye 27. Alama za uongo ziache leo, na uwaambie wenzako ukweli.

Sasa tuongee. Mama mkwe wako umemhesabu pamoja na TV. Nyumba nzima, mwenye njaa ya Neno ni yeye, analiomba kila jioni kwa kinywa chake, nawe umemwekea simu masikioni ili akuache usome. Usome nini? Huyo uliyemnyamazisha ndiye aliyekuwa akikuletea unachokitafuta.

Mimi naamini, na sitachoka kulisema hili, kwamba Neno hukaa katika nyumba ambamo watu wanasomeana. Tazama Nehemia sura ya 8. Ezra alisimama mbele ya lango la maji akasoma kwa sauti tangu mapambazuko hadi adhuhuri, wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu wakisikiliza pamoja, na watu wakalia. Yule towashi wa Kushi naye alikuwa akisoma Isaya kwa sauti garini mwake. Ndiyo maana Filipo alimsikia, akamkaribia na kumuuliza kama anaelewa. Na Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu imani yake, alimtaja kwanza bibi yake, Loisi, kisha mama yake, Eunike. Imani ya yule kijana ilianzia kwa bibi. Wanao wanaye bibi wa namna hiyo chini ya paa moja, na wanachojifunza kwako ni kwamba bibi akiomba Neno, anapewa simu.

Biblia yote ina sura 1,189. Kuzimaliza kwa mwaka ni sura tatu na kidogo kila siku, na ni kazi njema kwa anayeiweza. Lakini wewe umeifanya deni, na mwenye deni hukimbia. Mama hana haraka hiyo. Anataka aya chache, asikie sauti ya mtu wake, aseme, “Rudia hapo, mwanangu.” Simu haimsikii akisema hivyo. Kwa mjane aliye peke yake kutwa nzima, Biblia ya kusikiliza ni baraka kubwa; kwa mama mkwe wako imekuwa njia ya kumweka kando.

Leo jioni vyombo vikishaoshwa, zima TV uende ukakae karibu naye. Kwanza mwombe radhi. Kisha chukua Biblia yake mwenyewe, usichukue yako. Kama ni Union Version, ile iliyotoka 1952, basi ndiyo aliyoisikia kanisani miaka yote, na utashangaa: utaanza aya ya Zaburi naye ataimalizia kabla hujafika mwisho. Mwache yeye achague pa kusoma. Ukifunga kitabu, muulize maneno yale yalimfaa lini, katika msiba gani, katika uhaba gani, na umsikilize hata kama atachukua muda mrefu kuliko sura yenyewe. Watoto wakae hapo hapo mkekani, na mkubwa apewe aya mbili tatu za kusoma, akigugumiza asikaripiwe.

Na mume wako je? Mama mkwe wako ni mama yake mzazi, lakini barua nzima humtaji popote katika suala hili. Naye anajua kusoma. Mwambie Jumamosi na Jumapili zamu ni yake.