Dondoo muhimu: Ualimu wa Montessori, Bergamo

Kozi ya kufundisha watoto wa miaka 6 hadi 12 ipo Bergamo, kaskazini mwa Italia, katika kituo alichokianzisha Mario Montessori, mwana wa Maria Montessori aliyeasisi mfumo huu wa ufundishaji, mwaka 1961. Kabla ya kulipa chochote, uliza lugha ya kufundishia na kama nchi utakayofanyia kazi inaitambua diploma ya AMI, shirika la kimataifa la Montessori.

Ukishafika, una siku 8 za kazi tu kuomba kibali cha kuishi. Fomu huchukuliwa posta. Risiti itunze kama mboni ya jicho, maana kadi yenyewe huchelewa.

Kwenye kozi, kazi hasa ni albamu. Kila somo unaloonyeshwa, kuanzia shanga za kuhesabia hadi simulizi ya mwanzo wa ulimwengu, unaliandika na kulichora mwenyewe. Andika jioni ileile, masomo yakirundikana utakesha. Vifaa navyo vishike tena na tena, kwa sababu kwenye mtihani wa mdomo utatakiwa kuonyesha somo, si kulisimulia.

Na beba koti zito. Januari ya huko si baridi ya Lushoto.