Pombe ya Miwa Inapochelewa Kuchachuka

Katika milima ya Usambara, mtengenezaji wa boha, yaani pombe ya miwa, huweza kutia hamira jioni na asubuhi akakuta maji ya miwa yametulia tuli. Asiyamwage upesi. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi. Hamira ni viumbe hai vidogo sana. Baridi huvipunguzia kasi bila kuviua, ilhali joto kali huviua.

Zingatia yafuatayo:

1. Subiri hadi saa 72. Dalili za kuanza kuchachuka ni vipovu vinavyopanda na povu linalotanda juu.

2. Weka chombo mahali penye nyuzijoto 20 hadi 25, au kifunike blanketi. Usikibandike motoni.

3. Usikaze kifuniko. Hewa ya ukaa inayotoka huweza kupasua chombo.

4. Saa 72 zikipita bila dalili, jaribu hamira yako katika kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu baada ya dakika 15, imekufa. Unaponunua nyingine, soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

5. Usiongeze spiriti wala kemikali yoyote ili kuipa pombe nguvu. Methanoli hupofusha na huua.

Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uozo, mwaga yote. Hasara ya miwa ni ndogo kuliko hasara ya afya.