Chanjo, Dawa na Mionzi katika Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mama wa Geita au Kahama ambaye binti yake amechanjwa shuleni, naye mwenyewe anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, ana haki ya kuuliza kwa nini asichomwe sindano ileile. Mhudumu wa zahanati hana budi kuwa na jibu tayari.

Chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na ambayo tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, huufundisha mwili kulitambua ganda la virusi vya HPV kabla havijaingia kwenye seli. Seli iliyokwisha kugeuka saratani haionyeshi ganda hilo. Huzalisha protini nyingine, E6 na E7.

Chanjo za tiba, ambazo zingali katika utafiti, huzilenga protini hizo mbili. Zikitolewa peke yake hushindwa na uvimbe mkubwa, kwa kuwa uvimbe huambatana na chembe zinazoinyamazisha kinga. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walitoa chanjo ya namna hiyo kwa wagonjwa 77 wiki mbili baada ya mzunguko wa pili wa kaboplatini na paklitakseli, wakati dawa zimepunguza chembe hizo na limfosaiti zingali na nguvu. Katika matokeo ya 2020, walioitikia chanjo zaidi waliishi muda mrefu zaidi. Lakini huenda wenye kinga imara wangeishi zaidi hata bila chanjo.

Mionzi ni ngumu kuliko dawa kuoanishwa na chanjo. Huvunja seli na kuzianika protini zake mbele ya kinga, lakini ikipigwa kwenye nyonga huua pia limfosaiti zinazohitajika.

Kwa sasa, mgonjwa wa Shinyanga au Geita apewe rufaa mapema kwenda Bugando, Mwanza. Tiba ya kawaida kwa saratani iliyosogea lakini haijasambaa mbali ni mionzi pamoja na sisplatini kila wiki, ikikamilishwa na mionzi ya ndani, yote ndani ya wiki 8 hivi. Anayerudi nyumbani katikati kwa ajili ya mavuno au nauli hupunguza uwezekano wa kupona. Mipango ya malazi ifanywe kabla hajasafiri. Anayeishi na VVU aendelee na dawa zake, na barua ya rufaa izitaje.