Somo la Wafanyakazi: Lori Kuukuu Linapozimika Njiani



Lori kuukuu likizimika mlimani na mzigo wa miwa, neno la kwanza la msimamizi huwa ni hili: "Dereva hajui kazi." Neno la pili huandikwa katika kitabu cha makosa, na mwisho wa mwezi mshahara umepungua. Kwa hiyo somo letu la leo si la madereva na utingo peke yao. Mpakiaji anayepanda juu ya mzigo na mchuma chai anayepelekwa shambani alfajiri, nao maisha yao yamo katika lori hilo hilo.

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz 1113, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa pua yake ya mviringo. Injini yake, OM 352, ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Ni ya dizeli, ina silinda 6, ukubwa wake lita 5.7 hivi. Haina kompyuta wala plagi za cheche. Ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee kuwaka. Yataka dizeli safi, hewa safi na mgandamizo mzuri, basi. Fundi anayeanza kwa kubadilisha betri kwa sababu lori limezimika likiwa safarini anapoteza fedha na wakati.

Swali la kwanza ni: limezimikaje? Likikata ghafla, tazameni kebo ya kuzimia injini, kama imerudi mahali pake sawasawa. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Lakini mara nyingi injini haifi ghafla. Hupungua nguvu, hukohoa, halafu huzimika. Ikipumzika kidogo huwaka tena kana kwamba haikuumwa. Hapo mkumbuke moshi ulikuwaje. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli inafika lakini hewa haitoshi: filta ya hewa imejaa vumbi la shambani. Kama moshi ulikuwa mdogo au haukuwapo, injini ina njaa ya dizeli. Basi ifuateni njia ya dizeli kuanzia kwenye tangi. Wengi huanza kwenye pampu, nayo ni ghali na hulaumiwa bure.

Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kuingizia hewa. Tope likiliziba, dizeli inavutwa lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, na baada ya mwendo fulani pampu inashindwa kuvuta. Lori likizimika, fungueni mfuniko polepole huku mkisikiliza. Mkisikia tangi linavuta pumzi, na injini ikawaka vizuri baadaye, ugonjwa mmeuona. Dawa yake ni kusafisha tundu. Tunashangaa ni madereva wangapi wamekatwa fedha kwa ajili ya tundu lisilozidi kichwa cha msumari!

Baada ya hapo ni maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya tangi. Asubuhi, kabla lori halijatikiswa, legezeni nati ya chini ya tangi na kukinga kidogo katika chupa nyeupe. Iacheni itulie; maji na uchafu vitajitenga chini. Tangi lililolala nusu tupu hupata maji kwa umande wa ndani, ndiyo maana yafaa kulijaza jioni, ingawa makarani wengi hupenda kutoa dizeli asubuhi.

Sasa tufike penye shida yenyewe, yaani hewa ndani ya paipu. Paipu iliyo kati ya pampu ya kusukuma na filta ikitoboka, dizeli hudondoka nje na kila mtu huiona. Lakini paipu inayotoka kwenye tangi hadi pampu hiyo inavuta. Ikiwa na ufa, au nati yake imelegea, huenda isidondoshe hata tone, inanyonya hewa. Kwa macho ni kavu na nzima, na ndiyo inayowadanganya mafundi. Legezeni boli ya kutolea hewa juu ya filta, kisha mpige pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa. Povu likitoka, endeleeni mpaka dizeli itoke safi, ndipo mkaze. Kama kesho yake povu limerudi, msiridhike na kulitoa tena: kaguleni paipu ya kuvuta yote, mkono kwa mkono, pamoja na nati na washa zake.

Msiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ile hupenya ngozi, na kidonda chake kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko mlimani. Injini ikizimika, kompresa ya hewa ya breki haizunguki tena. Hewa iliyomo katika mitungi ndiyo hiyo hiyo, na kila mkikanyaga na kuachia inapungua. Kanyageni mara moja, mshikilie, vuteni breki ya mkono, na utingo aweke vigingi nyuma ya magurudumu akiwa ubavuni, si nyuma ya lori. Watu washuke kabla ya jaribio lolote la kuwasha. Kuliacha lori lirudi nyuma kwa gia huru ni kuua.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Tangu 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Lakini sababu ya haki yataka ushahidi, na ushahidi wa dereva ni daftari. Andikeni siku ile ile, nakala moja kwa msimamizi, moja kwa mwakilishi wa chama, kwa maneno mafupi kama haya: "Limezimika mara 3, likipanda na mzigo, baada ya nusu saa ya mwendo. Moshi hakuna. Mfuniko ulipofunguliwa tangi lilivuta hewa. Fundi ameambiwa saa 4 asubuhi."