UCHAGUZI WA CHOMBO CHA KUYEYUSHIA RISASI

Mvuvi wa mshipi huhitaji kitu kizito cha kuzamisha ndoana yake. Kitu hicho huitwa chubwi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kama katika sehemu nyingi za dunia, machubwi husubiwa kwa risasi iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Wako pia wavuvi wanaosubu kichwa cha risasi juu ya shina la ndoana yenyewe. Kwa kuwa risasi huyeyuka upesi, kazi hii mara nyingi hufanywa uani, kwa sufuria yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo hatari huanzia. Uchaguzi wa chombo ni somo la fizikia na kemia, na pia ni jambo la afya ya watu wote wa nyumbani.

Kwa nini risasi?

Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya chuma gramu 7.9, na ya jiwe la kawaida gramu 2.7 hivi. Kwa kanuni ya Archimedes, kitu kilichozama hupoteza uzito ulio sawa na wa maji kinayoyasukuma. Chubwi la risasi la gramu 100 husukuma maji ya bahari gramu 9 tu, na hubakiwa na uzito wa gramu 91. Jiwe la gramu 100 hubakiwa na gramu 62. Tena risasi ni laini na huyeyuka katika nyuzi 327 za Sentigredi, jotoridi ambalo jiko la makaa hulipita kwa urahisi.

Joto linalohitajika nalo ni kidogo. Kilo moja ya risasi yenye nyuzi 27 huhitaji kilojuli 39 hivi ili ifikie nyuzi 327, na nyingine 24 hivi za joto fiche ili iyeyuke. Jumla ni kama kilojuli 63. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 307 ili ianze kuchemka. Kwa hiyo hakuna haja ya moto mkali. Moto ukizidi, risasi huungana upesi zaidi na oksijeni ya hewa, na mvuke wake huongezeka.

Metali ya chombo

Chombo kinachofaa ni cha chuma cha kusubu au cha chuma cha pua chenye kuta nene. Sababu ni mbili. Kwanza, chuma huyeyuka katika jotoridi lililo mbali sana juu ya lile la risasi. Pili, chuma hakiyeyuki ndani ya risasi ya moto, wala hakifanyi aloi nayo.

Sufuria ya alumini haifai. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660, lakini hulegea kabla ya kufika hapo, na makaa yanayopulizwa hupita nyuzi 700. Kitako chake kikitoboka, risasi yote humwagika motoni na miguuni. Kopo la bati nalo lina ukuta mwembamba, na tini iliyolipaka huyeyuka katika nyuzi 232 tu. Ndoo iliyopakwa zinki haifai pia, kwa kuwa zinki huyeyuka katika nyuzi 419 na kuichafua risasi.

Ukubwa na umbo

Wengi hukosea katika kukadiria ukubwa. Chombo cha lita moja kikijaa risasi huwa na zaidi ya kilo 11, mzigo usioweza kuinuliwa kwa mkono mmoja bila hatari. Machubwi 20 ya gramu 100 kila moja ni kilo 2, yaani sentimita 176 tu za ujazo. Chombo cha nusu lita kinatosha, na kitabaki na nafasi ya kutosha juu. Kiwe na kitako kipana kisichoyumba, mdomo wa kumiminia, na mpini mrefu ulioungwa imara.

Viko pia vyungu vya umeme vyenye kidhibiti joto. Vingine huteka risasi kwa upawa, na vingine vina tundu la chini. Tundu la chini hutoa metali safi, kwa sababu takataka huelea juu. Lakini huweza kudondosha, na hapana budi liangaliwe kila mara.

Maji na sumu

Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke mara moja na kutanuka zaidi ya mara 1,600. Risasi hurushwa juu kama mlipuko. Kwa hiyo chombo, upawa, kalibu na vipande vya risasi viwe vikavu kabisa.

Hatari ya pili haionekani. Utando wa kijivu unaoelea juu una oksaidi ya risasi, na vumbi lake hushika mikono, nguo na udongo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo risasi ya betri kuukuu ilikuwa ikikusanywa na kuchekechwa kutoka udongoni. Basi betri zisivunjwe: mbali na asidi, sehemu kubwa ya sahani zake ni misombo ya risasi ambayo hubaki vumbi.

Kitambaa cha kufunika pua hakizuii vumbi hilo wala mvuke. Kazi ifanyike nje, mbali na watoto, chakula na kisima. Chombo kilichoyeyushia risasi kisirudi jikoni kamwe, hata kikioshwa.

Je, risasi ni lazima?

Mwaka 1987 Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi madogo ya risasi, kwa kuwa batamaji waliyameza na kufa. Chubwi la chuma la gramu 100 hubakiwa na gramu 87 baharini, pungufu ya gramu 4 tu kuliko la risasi. Ni kubwa zaidi na hushika kutu, lakini kipande cha nondo hakihitaji kuyeyushwa wala hakimdhuru mtoto. Shuleni, usubuji ufundishwe kwa nta, si kwa risasi.

Maswali

1. Chombo cha sentimita 300 za ujazo kikijazwa risasi hadi nusu, kitabeba kilo ngapi?
2. Eleza kwa nini takataka huelea juu ya risasi iliyoyeyuka.
3. Pima densiti ya kipande cha nondo, kisha kadiria uzito wake ndani ya maji ya bahari.