Dawa za Hospitali Zinapogeuka Dawa za Kulevya

Wazazi wanapowaonya watoto dhidi ya dawa za kulevya, wengi hutaja bangi na heroini. Ni wachache wanaotaja vidonge vilivyobaki kwenye droo baada ya nyanya kutoka hospitalini. Ilhali baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa bila agizo la daktari, humfanya kijana awe mraibu na hata huweza kumuua. Vijana wengi hudanganyika kwamba kitu kilichotoka hospitalini hakiwezi kuwadhuru.

Dawa zinazotumiwa vibaya

1. Dawa za maumivu makali na kikohozi. Tramadoli na kodeini zimo katika jamii moja na heroini. Kodeini hupatikana pia katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi.

2. Dawa za usingizi na wasiwasi. Miongoni mwake ni diazepamu, maarufu kama Valium, na Rohypnol, ambayo huku Pwani huitwa bugizi. Baadhi ya watafunaji wa miraa na muguka huzimeza ili wapate usingizi.

3. Benziheksoli. Hupewa wagonjwa wa akili kupunguza kukakamaa kwa misuli kunakoletwa na dawa zao. Anayeitumia ili kulewa huweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo.

Makundi mawili ya kwanza hupunguza kasi ya kupumua. Yakichanganywa, au yakinywewa pamoja na pombe, pumzi huweza kukatika mtu akiwa usingizini.

Dalili za kuangalia

Kijana husinzia mchana, ulimi huwa mzito, huyumba bila kunuka pombe, na alama zake za masomo hushuka. Pesa hupotea nyumbani, na chupa tupu za dawa ya kikohozi huonekana chumbani. Dalili moja peke yake si ushahidi. Mzazi anashauriwa kuuliza kwa utulivu kabla ya kulaumu.

Jinsi ya kuzuia

- Dawa zifungiwe mahali salama na vidonge vihesabiwe kila wiki.
- Dawa zilizobaki au kupitwa na muda zirudishwe hospitalini au kwenye duka la dawa, wala zisitupwe jalalani.
- Mtoto asitumwe peke yake kununua dawa hizi, na mtu asimpe mwenzake dawa aliyoandikiwa yeye.
- Dawa inunuliwe katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Duka linalouza dawa hizi bila cheti cha daktari liripotiwe kwa bodi hiyo, polisi au ofisi ya chifu.
- Mazungumzo na watoto yaanze mapema, kabla marafiki hawajawafundisha.

Ikiwa kijana tayari anatumia

Baadhi ya familia humfungia kijana chumbani ili aache ghafla. Hilo ni hatari. Aliyezoea dawa za usingizi akikatishwa mara moja huweza kupata kifafa na kufariki. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwa hiyo apelekwe hospitalini.

Akipatikana hazinduki, anakoroma kwa njia isiyo ya kawaida au midomo imebadilika rangi, alazwe ubavu, asipewe maziwa wala kutapishwa, na akimbizwe hospitalini pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza.

Ushauri kuhusu uraibu hutolewa bila malipo kwa kupiga 1192, nambari ya NACADA. Watoto wanaweza kupiga 116. Wahudumu wa afya ya jamii pia huweza kuielekeza familia kwenye kituo cha karibu.

Uraibu ni ugonjwa unaotibika. Familia inayouficha kwa kuogopa aibu humchelewesha mtoto kupata matibabu, na vidonge vilivyo kabatini huendelea kupungua.